Hizbu: Viti Vingi, Kura Chache

Uchambuzi wa leo unahusu Zanzibar Nationalist Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1955, kikaongozwa na Ali Muhsin Barwani na kujulikana visiwani kama Hizbu. Suala hili linaigusa Uganda pia, kwa kuwa John Okello, aliyekuwa mstari wa mbele katika mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliyokiondoa chama hicho madarakani, alikuwa mzaliwa wa Lango, kaskazini mwa Uganda.

Kwa upande mmoja, watetezi wake hukumbusha kwamba Hizbu ilidai uhuru mapema, ikahubiri taifa moja lisilogawanywa na rangi, na kuvutiwa na uzalendo wa Kiarabu wa Gamal Abdel Nasser, yaani siasa ya kupinga ukoloni kwa umoja wa Waarabu. Kwa upande wa pili, wapinzani waliona humo maslahi ya wenye mashamba ya mikarafuu. Tena, katika uchaguzi wa Julai 1963, chama pinzani cha Afro-Shirazi Party kilipata takribani asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, huku Hizbu na mshirika wake, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), wakiunda serikali.

Swali linalobaki ni hili: je, ushindi halali wa viti unatosha kuipa serikali imani ya walio wengi?