Mpeni Chipukizi Nafasi Jukwaani

Wasikilizaji, wengi wenu mnaukumbuka wimbo wa Ahmada wa vijana wa Offside Trick kutoka Zanzibar. Vijana wale walikuwa wa muziki wa kizazi kipya, na bibi aliyeimba pamoja nao ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko lao wote. Mwaka 2005 alikabidhiwa tuzo ya WOMEX mjini Newcastle, Uingereza, na sauti yake ilikuwa imeshasikika Ulaya hadi Japani. Hakuwa na la kutafuta kwa vijana wale. Walipomwita aliitika, akaimba ndani ya mapigo yao.

Siku hizi msanii akipiga picha na mashabiki na kuitikia salamu za kila mtu, tunamsifu kwamba hana makuu. Ni tabia njema. Lakini chipukizi mwenye gitaa la kuazima, asiyejua pa kuanzia, salamu hiyo haimfikishi popote. Anachohitaji ni mkubwa atakayesogea kidogo ili naye apate pa kusimama.

Bi Kidude alilijua hilo kwa maisha yake. Hakuketishwa darasani kufundishwa taarabu. Alimsikiliza Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akazishika nyimbo kwa masikio yake. Naye alipokuwa kungwi, akawafunza wasichana ngoma za unyago kwa miaka mingi, hata baada ya dunia kumjua.

Huku bara mambo yalikuwa na sura nyingine. Enzi za bendi za mashirika, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, baadaye ikawa chini ya shirika la DDC. Kijana wa Kariakoo angepata wapi fedha za gitaa la umeme na amplifaya? Alikwenda mazoezini mchana, akabeba spika, akafunga nyaya, akangoja mkubwa mmoja amwambie: shika hilo, piga rithimu. Baadaye labda angepata deiwaka, kuziba pengo la mpigaji ambaye hakufika. Hatima yake yote ilikuwa mikononi mwa yule aliyeshika gitaa.

Na rithimu ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Ni mapigo yale yale tangu wimbo uanze hadi uishe. Mgeni huchoka mkono, akishikwa na woga hukimbilia mbele, na solo lote linavurugika. Hapo ndipo mwalimu anajulikana: anamsogelea, anamrudisha kwenye ngoma, bila kumwaibisha mbele ya watu. King Michael Enoch, aliyepitia Dar es Salaam Jazz hadi Mlimani Park, wenzake walimwita Ticha. Jina kama hilo halitolewi kwa kupiga vizuri peke yake. Mtu hulipata kwa kufundisha.

Zanzibar nako kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa 2002. Mohamed Issa Matona kwa fidla na udi, na Rajab Suleiman kwa kanuni, ni mabingwa wenye majina nje ya nchi, nao wamekaa pale na wanafunzi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70. Kuitia sauti peke yake ni somo zima, na somo hilo lataka mtu mwenye subira akae nawe ubavuni.

Mtaniambia kwamba leo kijana anajifunza kwa simu. Kweli, kodi zote za gitaa zimo humo. Lakini simu haimsikilizi. Haimwambii kwamba anakimbia, wala haimpeleki kwa mwenye ukumbi kumwombea nusu saa.

Linaloniuma ni kuona msanii mwenye jina akimtoza chipukizi fedha ili waimbe pamoja. Kijana anakopa kwa jamaa zake, wimbo unatoka, yule mkubwa hautaji tena. Najua studio ina gharama na jina linajengwa kwa jasho. Hata hivyo, kuchukua fedha za mtu ambaye bado hajapata kitu, kisha kumwacha njiani, ni dhuluma, na sioni jina jingine la kuliita jambo hilo.

Kwenu wanamuziki mnaonisikiliza sasa: wikiendi hii kuna mahali mtapanda jukwaani. Mleteni kijana mmoja wa mtaani kwenu. Mpeni nyimbo mbili watu wakiwa bado wengi, asisubirishwe hadi ukumbi uwe mtupu. Litajeni jina lake kwenye maiki, lote, baba na ukoo. Mkimaliza, mlipeni chake kabla hajaondoka.