Uzamifu wa Sayansi Si wa Kuuziwa Shamba

(Hotuba kwa wazazi na vijana wa Embulbul)

 

Nimeombwa nizungumzie ufadhili wa masomo ya uzamifu, ile shahada ya juu kabisa ambayo mwenye nayo huitwa daktari ingawa hatibu mtu. Nitaanza na shamba. Hapa kwetu, mtoto akipata barua ya chuo cha ng'ambo, swali la kwanza nyumbani huwa ni ploti gani iuzwe. Kwa uzamifu wa sayansi ya mimea na mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe visivyoonekana kwa macho, msikimbilie huko. Katika masomo haya mara nyingi mwanafunzi hulipiwa karo na kupewa posho, kwa sababu utafiti wake ni kazi ambayo kuna watu wanaihitaji.

Wala si lazima kupanda ndege. Pale Kasarani, matatu mbili kutoka hapa, kuna kituo cha icipe kinachochunguza wadudu, mimea na vijidudu. Tangu 1983 kituo hicho kina mpango wa uzamifu uitwao ARPPIS. Mwanafunzi husajiliwa katika chuo kikuu cha Afrika, utafiti akaufanyia icipe, na kwa miaka mingi nafasi kadhaa zimelipiwa na DAAD, shirika la Ujerumani. Icipe hiyo hiyo husimamia mfuko wa RSIF, ulioanzishwa na serikali za Afrika chini ya mpango wa PASET, ambao huwapeleka wanafunzi wa uzamifu katika vyuo vya nchi nyingine za bara hili. Wanaotaka kwenda mbali wajue kwamba Uholanzi, kwa mfano, mwanafunzi wa uzamifu mara nyingi huajiriwa na chuo na kupokea mshahara.

Sasa mtaniuliza, mtoto wa Kajiado atachunguza nini? Nawajibu kwa kibuyu. Mwaka 2004 jarida la kimataifa la mikrobiolojia ya vyakula lilichapisha utafiti wa sampuli 22 za kule naoto, maziwa yetu yaliyogandishwa kibuyuni. Watafiti waliwatenga bakteria walio wengi humo na kuwatambua kwa majina. Baadaye waliwapima baadhi yao na kukuta wanastahimili asidi na nyongo kama zilizo tumboni. Bibi zetu walijua maziwa hayo hayadhuru. Aliyeandika sababu akapata usomi. Na bado kuna maswali. Moshi na makaa ya oloirien tunayosafishia kibuyu yanawafanya nini bakteria hao? Lile gugu la Ipomoea lililovamia malisho, litazuiwaje bila kuua nyasi? Magonjwa ya udongo katika nyumba za maua za Isinya je? Mtu aliyechunga ng'ombe hapa huyaona maswali haya kabla ya profesa.

Ufadhili huu hautolewi kwa huruma, lazima niseme wazi. Wanataka shahada ya uzamili, alama nzuri, na mara nyingi isiwe imepita miaka mingi tangu uimalize. Tangazo la DAAD limekuwa likitaja miaka sita. Kwa hiyo kijana mwenye uzamili anayesubiri "mambo yatulie" anapoteza nafasi. Zaidi ya yote wanataka msimamizi. Soma alichoandika, kisha mwandikie barua fupi: swali lako ni lipi, umeshafanya nini maabara au shambani, na kwa nini umemwandikia yeye. Barua moja iliyotumwa kwa watu hamsini hutambulika mara moja.

Akina baba, akija wakala anayedai ana nafasi ya ufadhili na anataka "ada ya kufungua faili" kwa simu, mfukuzeni. Tangazo la kweli liko kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, bure.

Wengine mtauliza kaunti italipa kiasi gani. Kwa Katiba ya 2010, vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Sisi tumepewa chekechea na vyuo vya ufundi. Sitawaahidi pesa ambazo hazipo. Lakini kijana akitaka kuchunguza malisho au maziwa, atahitaji ruhusa ya wenye mashamba na wazee wa kumweleza historia ya mahali. Hilo mnaweza kumpa ninyi mlioketi hapa, hata kesho asubuhi.

 Sasa nayapokea maswali, tuanze na akina mama walioko nyuma.