Jani la Mkoko na Wavu wa Mvuvi

Je, mkoko wafaa nini zaidi ya boriti? Msafiri atokaye Lamu kwenda Pate kwa njia ya Mkanda, baina ya Manda na bara, huiona mikoko pande zote mbili akadhani ni miti tu iliyosimama topeni. Kumbe pana mji mzima. Jani lianguke, kaa hulivuta shimoni mwake akalila. Mabaki huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, yakawa chakula cha kamba na cha samaki wachanga wajifichao mizizini maji yakijaa. Hao nao huliwa na samaki wakubwa, na ndege, na binadamu. Kaa naye hulipa kodi yake: tope lile lina uhaba wa hewa, na mashimo yake huipitisha hadi mizizini, ingawa hakosi kula mbegu chache.

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo Lamu. Fito, pau na boriti zake zilijenga nyumba za huko, na majahazi yakazipeleka Arabuni karne nyingi, mpaka Serikali ilipozuia kuziuza nje mwaka 1982. Mkataji ana haki ya riziki yake. Lakini palipofyekwa pote jua hulikausha tope, chumvi huzidi, kaa huhama, na mche mpya haushiki. Yamkini mvuvi wa Kizingitini akatupa wavu palepale alipozoea, asijue kwamba kamba wake walitoweka pamoja na miti.