ZAHANATI SI MAHAKAMA

(Hotuba ya mwanachama wetu mmoja, mtumishi wa Serikali, mbele ya wanafunzi na wanachama katika mkutano wa mwaka, Kimara)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Mimi si daktari. Kazi yangu ni ya ofisini. Lakini jambo nitakalolisema halihitaji udaktari, linahitaji ujasiri.

Wenzetu wa Uingereza, tangu mwaka 1948, huandikishwa kwa daktari wa familia anayewajua wakubwa kwa wadogo. Sisi daktari wetu wa familia ni zahanati ya mtaa, na anayetupokea pale mara nyingi ni tabibu. Huo ndio mlango. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupelekwa kituo cha afya, hospitali kama Mwananyamala, hata Muhimbili. Mwaka 1977 sheria ilizuia matibabu binafsi ya biashara. Mwaka 1991 yakaruhusiwa tena. Ndiyo maana leo kando ya Barabara ya Morogoro zahanati haziko mbali. Basi kikwazo cha kijana wa Kimara si umbali. Ni aibu.

Chukueni mfano wa kijana anayeona damu katika mkojo wake. Anaogopa kwamba watu watasema ameupata ugonjwa wa zinaa. Ananyamaza. Baadaye anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge vya rangi mbili, anameza nusu na kubakiza nusu. Kumbe huenda ni kichocho, alichokipata kwa kuoga katika maji yenye konokono, ugonjwa unaojulikana sana katika mwambao wetu. Vidonge vile haviui minyoo ya kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito, na mara nyingi dozi moja hutosha. Lakini akikaa nacho miaka, kibofu huharibika, na hata saratani ya kibofu huweza kufuata. Na kama si kichocho, kipimo cha mkojo kitasaidia kujua ni nini. Duka halipimi mkojo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Sasa, wadogo zangu, mkifika zahanati fanyeni hivi. Nendeni mapema, na kadi ya bima au daftari lenu la matibabu mkononi. Semeni ugonjwa ulianza lini, na mmekwisha kunywa dawa gani, hata zile za kienyeji. Msizunguke, tumbo liitwe tumbo, na sehemu za siri zitajwe. Kama mnaona haya mbele ya mzazi, ombeni kwa adabu kusema na tabibu peke yenu. Kama mnataka kuhudumiwa na mtu wa jinsia yenu, ulizeni kama yupo. Kabla ya kutoka, ulizeni mambo matatu: ninaumwa nini, dawa hii naitumiaje, na nirudi lini. Kuuliza si utovu wa nidhamu.

Siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi ya mganga, wala si hisani yake. Na mjue kwamba mwaka 2019 Bunge lilirekebisha sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008: umri wa kijana kupima VVU bila ridhaa ya mzazi ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 15.

Ndugu wanachama, nasi tuna sehemu yetu. Wengi wetu ni wazazi. Tunampeleka mtoto zahanati, kisha tunajibu kila swali badala yake. Atajifunza lini kusema? Akiwa na miaka 14 au 15, mwacheni aingie, nanyi mkae kwenye benchi nje. Akitoka, msimhoji kama polisi. Kijana aliyezoea kusema juu ya homa yake ataweza kusema siku ya jambo zito.

Zahanati si mahakama. Hakuna anayekwenda kule kuhukumiwa, tunakwenda kutibiwa.