Hesabu ya Kambi: Uwindaji na Uvuvi Katika Nchi ya Isiolo



Watu wengi wasikiapo habari za kambi ya kuwinda na kuvua samaki hufikiri mara moja juu ya bunduki na ndoana. Walakini wale waliopata kutunza kambi ya namna hiyo katika nchi kavu ya Isiolo wajua ya kuwa chombo cha kwanza cha kazi ni daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ukingo wa mto Uaso Nyiro umelithibitisha neno hilo mara nyingi.

Mji wa Isiolo uko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, pale nchi ya mvua inapokwisha na nchi ya ngamia inapoanza. Wakazi wake ni Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali, na baadhi ya Wasomali hao ni wazao wa askari waliopewa makao hapo baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Katika siku za utawala wa Kiingereza, Isiolo ulikuwa mlango wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, na msafiri hakuweza kupita kwenda mbele pasipo ruhusa ya Serikali. Hapo ndipo alipokaa Bwana Nyama, yaani ofisa wa Idara ya Wanyama, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalinda wanyama na watu wasidhuriane.

Bwana Nyama aliyejulikana kuliko wote ni George Adamson, aliyeingia katika idara hiyo mwaka 1938 na kumwoa Joy mwaka 1944. Nyumba yao ilikuwa karibu na mji wa Isiolo, lakini sehemu kubwa ya maisha yao ilipita hemani. Tarehe 1 Februari 1956 Bwana Adamson alilazimika kumpiga risasi simba jike aliyewashambulia, na baadaye wakaonekana watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, nchi ya Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki, na kitabu alichokiandika Joy mwaka 1960 kilimfanya ajulikane duniani kote.

Wasomaji wa kitabu hicho humkumbuka simba na kuisahau kambi. Elsa alikuwa na mtunzaji, kijana Nuru, na safarini alikuwako pia Makedde, askari wa wanyama. Watu wa nyumba hiyo walipokwenda kwa miguu mpaka Ziwa Rudolf, ambalo sasa huitwa Ziwa Turkana, mizigo yao ilibebwa na punda. Ziwa lile lina samaki wakubwa waitwao sangara, na wavuvi wa kujifurahisha wamelifuata kutoka mbali. Lakini katika jangwa la njiani hakuna duka, na aliyesahau chumvi nyumbani atakula bila chumvi mpaka atakaporudi.

Hayo yaonyesha asili ya kazi yenyewe. Jamaa waliokusudia kuendesha kambi kwa msimu mmoja walianza na hesabu ya siku. Huko Isiolo mvua hunyesha kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi au Aprili hadi Mei, na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati wa mvua magari hukwama na wanyama hutawanyika. Wakati wa kiangazi hurudi mtoni, na ndipo kambi hufunguliwa.

Hesabu ya pili ilikuwa ya mahali. Kivuli cha mikoma na migunga kando ya mto humvutia kila mgeni, lakini mwenye kambi mwenye busara alitazama kwanza takataka zilizonasa katika matawi, maana hizo ndizo alama za mafuriko ya zamani. Aidha, hakupiga hema penye njia ya mifugo kwenda majini. Mchungaji aliyekuja na ng'ombe wenye kiu kutoka mbali, akakuta hema limeziba njia, alikuwa na haki ya kukasirika, na kambi iliyogombana na wenyeji haikukaa kwa amani.

Hesabu ya tatu ilikuwa ya watu. Mgeni aliyetoka ng'ambo alimwona mwindaji peke yake, lakini nyuma yake walikuwako mpishi, mfuata nyayo, mchukua bunduki, mchuna ngozi, dereva na wateka maji. Mfuata nyayo ndiye aliyeujua umri wa unyayo mchangani. Mchuna ngozi ndiye aliyezitia ngozi chumvi upesi kabla ya kuoza. Mwenye kambi aliyechelewesha mishahara ya watu hawa alijikuta msimu uliofuata na mahema mazuri yasiyo na watu wa kuyasimamisha.

Uvuvi nao ulikuwa na taratibu zake. Katika maji ya udongo ya Uaso Nyiro kuna kambare, na kuna mamba pia, kwa hiyo mvuvi hakusimama majini wala kusafisha samaki mahali pale pale panapotekwa maji. Aliyetaka trauti ilimpasa kupanda hadi vijito baridi vya Mlima Kenya. Samaki hao si wa asili ya nchi hii. Waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905.

Hesabu ya nne, nayo ilikuwa nzito, ilikuwa ya wanyama waliouawa. Nchi iligawanywa katika vitalu, na kila kundi la wawindaji lilipewa kitalu kwa muda uliowekwa. Leseni ilitaja aina na idadi, na mwindaji alipaswa kuandika kila mnyama aliyemwua. Chama cha wawindaji wa kazi hiyo, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934, kiliwataka wanachama wake kuzishika sheria. Halmashauri za wenyeji nazo zilipata sehemu ya ada.

Hapo mtu ataweza kuuliza: ikiwa kila kambi ilikuwa na daftari lake, kwa nini basi wanyama wakapungua? Jibu ni kwamba daftari la mwenye leseni lilionyesha wale aliowaua yeye tu. Pembe zilizobebwa usiku na majangili, na zile zilizouzwa kwa hila za wakubwa, hazikuandikwa popote. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo 167,000. Kufikia mwaka 1989 walibaki kiasi cha 16,000. Vifaru, waliokadiriwa kuwa 20,000 hivi mwaka 1970, walipungua hata wakawa chini ya 400 katika miaka ya 1980.

Mwezi wa Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa leseni, na mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi ikafungwa. Chama cha wawindaji kilivunjwa. Mahema yalikunjwa, na watu wengi waliokula kwa kazi ya kambi wakarudi nyumbani bila mshahara. Wengine walijifunza kazi mpya ya kuwaongoza wageni wenye kamera. Walakini ujangili haukukoma siku ile, maana kufunga kambi iliyoandika hesabu yake si sawa na kufunga ile iliyofanya kazi gizani.

Leo katika mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba kambi zipo tena, nyingine zikiendeshwa na jamaa wa nyumba moja, na mgeni hachukui chochote ila picha. Yaweza kudhaniwa kwamba hesabu imekwisha. La, haikwisha, imehamia katika maji. Kiangazi kikali cha mwaka 2009 kiliukausha mto Uaso Nyiro, tembo wakachimba mchanga kutafuta maji, na wafugaji wakapoteza mifugo mingi. Kisha tarehe 4 Machi 2010 mto huo huo ulifurika ghafula na kuzichukua kambi nyingi za ukingoni.

Mafuriko ni kazi ya Mungu, lakini ukavu una sehemu ya mikono ya watu. Huko juu, katika nchi za Laikipia na Meru, mashamba ya mboga na maua huvuta maji ya vijito vinavyoulisha mto. Kila shamba lajua kipimo chake, kama vile kila mwindaji alivyoijua leseni yake, na kila mmoja aweza kusema kwa kweli kwamba alichokichukua ni kidogo. Mchungaji wa Kiborana aliye chini kabisa ndiye akutanaye na jumla yake, naye huikuta katika mchanga mkavu.

Kwa sababu hiyo vimeundwa vyama vya watumiaji wa maji, ambamo watu wa juu na watu wa chini hukutana na kupangiana zamu wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ni ngumu, haina sifa wala picha za kupendeza, na mara nyingi huleta maneno makali. Hata hivyo ndiyo daftari lililokosekana zamani: daftari moja la watu wote, linalosomwa mbele ya wote.

Basi, jamaa yeyote anayekusudia kusimamisha hema kando ya mto ule na apeleke kwanza habari kwa wazee wa mahali, aulize njia za mifugo, alipe watu wake kwa wakati, na aandike maji anayoyateka kama vile wazee wa kambi walivyoandika risasi. Wageni wake watarudi mwaka ujao ikiwa mto utakuwapo, na mto hautakuwapo kwa ajili yake peke yake.