Kuchagua Bunduki ya Marisau: Namba 12 au Namba 20?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wananchi huko Nyacheki, Kaunti ya Kisii.)



Nimeombwa niseme juu ya bunduki ya marisau, yaani ile itupayo chembe nyingi kwa mara moja, wala si ile ya risasi moja. Wengi huuliza: Je, ni ipi iliyo bora, ya namba 12 au ya namba 20? Na ile nyembamba iitwayo 410 yafaa kwa kazi gani? Swali ni jema, lakini hapana budi litangulie neno la sheria, maana bunduki hainunuliwi kama jembe.

Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwezi wa Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yasema wazi kwamba kuwinda kwa kujifurahisha ni kosa. Basi kwale wa vichaka vya hapa, na kanga wa upande wa Transmara, si wa kupigwa na mtu yeyote. Tumbili wakiharibu mahindi yako, wapelekee habari maofisa wa wanyamapori. Apendaye kulenga shabaha ana mchezo wa sahani za udongo, zirushwazo hewani kwa mtambo. Na atakaye kuwinda kwa halali huenda Tanzania au Uganda, akiwa na kibali. Naye akivuka mpaka wa Isebania na bunduki yake, sharti awe na ruhusa ya serikali zote mbili. Hata hapa nyumbani, bunduki haishikwi bila cheti, kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Sasa tuje kwenye namba. Watu wengi hudhani kwamba namba kubwa ni bunduki kubwa. Sivyo, ni kinyume chake. Hesabu hii ni ya zamani: chukua ratili moja ya risasi, uigawe iwe vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa. Kidonge kimoja ndicho kiasi cha upana wa mtutu wa namba 12, yaani milimita 18 na nusu. Ukigawa ratili hiyo iwe vidonge 20, kila kimoja kitakuwa kidogo zaidi, na mtutu ni wa milimita 15 na nusu hivi. Namba 16 iko katikati, na namba 28 ni nyembamba kuliko zote hizo. Ile ya 410 haifuati hesabu hii; jina lake ni upana wenyewe, sehemu 410 katika elfu za inchi.

Tena wako wasemao kwamba namba 12 hupiga kwa nguvu zaidi. Neno hili lahitaji kuangaliwa. Chembe moja itokayo katika namba 20 huenda karibu kwa mbio zile zile za chembe itokayo katika namba 12, na ikiwa ukubwa ni mmoja, pigo lake ni moja. Tofauti iko katika wingi. Marisau ya namba 6, kwa kipimo cha Kiingereza, ni kama chembe 270 kwa wakia moja. Risasi ya kawaida ya namba 12 huchukua wakia moja na thumni, yaani chembe 300 na zaidi. Ya namba 20 huchukua thumni saba za wakia, chembe 236 hivi. Ya 410 huchukua nusu wakia, chembe 135 tu.

Hapo ndipo waonapo taabu wale wanaompa mwanafunzi bunduki ya 410 kwa sababu ni nyepesi. Chembe zake ni chache, nazo zikitawanyika huacha nafasi kubwa katikati. Mwanafunzi hukosa sahani, akavunjika moyo. Au akiwa mwindaji, humjeruhi ndege asimwue, na ndege huyo huenda kufia porini. Kwa maoni yangu 410 ni bunduki ya fundi, wala si ya mwanafunzi.

Namba 20 ndiyo imfaayo mtu mwembamba, au mwanamke, au kijana aliyekomaa. Aghalabu huwa nyepesi kwa ratili moja kuliko namba 12, na mtu hachoki kuichukua kutwa nzima akifuata kwale. Walakini angalieni: bunduki nyepesi ikitiwa risasi nzito humpiga mwenyewe teke begani kuliko ile nzito. Wakia moja katika namba 20 nyepesi huumiza kuliko wakia ile ile katika namba 12. Kwa mchezo wa sahani, namba 12 yenye risasi nyepesi yatosha kabisa. Hata katika michezo ya Olimpiki risasi ni ya gramu 24 tu.

Na sasa hatari ambayo kwa ajili yake hasa nilikubali kusema leo. Nyumba yenye bunduki mbili, ya namba 12 na ya namba 20, isichanganye risasi kamwe. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika namba 12, haikai mahali pake. Huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mtu akibonyeza, hakuna mlio. Akifungua, aona pako tupu, adhani alisahau kutia. Hutia ya namba 12 nyuma yake, akapiga. Mtutu hupasuka hapo hapo mkono wa kushoto ulipo. Ndiyo sababu maganda ya namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Msinunue zilizochanganywa mfukoni, hata kwa bei rahisi.

Tena huku kwetu nyumba zimekaribiana, shamba kwa shamba. Marisau madogo humwua ndege kwa mita 35 hivi, lakini huweza kuruka zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka, nayo yaweza kumpofusha mtoto. Hili halitofautiani kwa namba 12 wala 20.

Juu ya bei, namba 12 ndiyo ienezwayo zaidi ulimwenguni, na risasi zake hupatikana kwa urahisi kuliko nyingine. Namba 16 ni bunduki nzuri, lakini mwenye nayo hutafuta risasi mpaka viatu viishe. Anunuaye bunduki kuukuu na aipeleke kwanza kwa fundi mwenye leseni, aupime mtutu na kutazama kama una kutu ndani au umebonyea.

Sasa nitajibu maswali yenu.