Nani Atalipa Mfadhili Akiondoka? Kubadili Njia ya Kazi kwa Wahitimu wa Lodwar na Kakuma

Mhitimu anayehisi kwamba alisomea kitu kisichomfaa si mtu wa nadra Turkana. Mjini Lodwar ni mwenye shahada ya ualimu anayeisubiri TSC, tume inayoajiri walimu, katika nchi ambayo walimu zaidi ya 300,000 wamesajiliwa na hawajaajiriwa. Kakuma ni mkimbizi aliyesomeshwa kwa ufadhili wa DAFI, akarudi kambini kufundisha kwa malipo ambayo hata jina la mshahara hayana, yanaitwa insentivu. Wote wawili, wakiomba ushauri, huambiwa wafuate wanachokipenda. Sina ugomvi na mapenzi ya mtu kwa kazi yake, ila huo ni ushauri wa miji yenye waajiri wengi. Huku kwetu anayebadili njia ana swali la kujibu kabla ya hilo la moyo: kazi ninayoiendea italipiwa na nani siku mfadhili akifunga ofisi?

Swali hilo halitokani na chuki dhidi ya mashirika ya misaada. Linatokana na historia ya kaunti hii, ambayo kwa miaka arobaini imekuwa ikiwafundisha vijana kazi za mwajiri mmoja na kisha mwajiri huyo kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Umeme na maji safi ya kugandishia vikagharimu kupita thamani ya minofu, ziwa likarudi nyuma kutoka Ghuba ya Ferguson, na jengo likabaki bila kazi liliyojengewa. Mwaka 1989 ilianza Operesheni Lifeline Sudan ya kupeleka misaada kusini mwa Sudan, na Lokichoggio, kituo kidogo cha mpakani, kikawa na uwanja wa ndege wenye shughuli nyingi kuliko viwanja vya miji mingi ya Kenya. Madereva, makarani wa maghala, wapishi wa makambi ya wafanyakazi, wote walipata riziki. Mkataba wa amani wa Sudan ukatiwa sahihi Januari 2005, mashirika yakahamia Juba, na Lokichoggio ikapoa. Kisha yakaja mafuta. Kampuni ya Tullow ilitangaza kuyapata katika kisima cha Ngamia-1, eneo la Lokichar, mwezi wa Machi 2012, vyuo kadhaa nchini vikaanzisha kozi za petroli, na mwaka 2019 meli ya kwanza ikaondoka Mombasa na mapipa yapatayo 200,000. Mwaka uliofuata usafirishaji wa majaribio kwa malori ulisimamishwa. Aliyeingia chuoni mwaka 2014 kusomea mafuta kwa sababu Lokichar ilikuwa inachemka alihitimu wakati visima vimefunikwa.

Kalokol ilikosea hesabu za gharama, Lokichoggio ilipoteza kazi kwa sababu njema kabisa, yaani amani, na Lokichar ilitegemea bei za soko la dunia. Sababu ni mbalimbali lakini mfanyakazi aliumia kwa namna ileile, kwa kuwa ujuzi wake ulikuwa na mnunuzi mmoja tu. Mwaka 2025 somo hilo lilirudiwa mbele ya macho yetu. Serikali ya Marekani ilipokata misaada yake ya nje, mgao wa chakula Kakuma na Kalobeyei ulishuka chini ya nusu ya kiwango kamili, na mashirika yakapunguza wafanyakazi. Wengi wa walioachishwa walikuwa na shahada za maendeleo ya jamii, usimamizi wa miradi na ushauri nasaha, shahada ambazo mwaka mmoja kabla hakuna aliyeziona kuwa ni makosa. Kwa hiyo nawasihi msiharakishe kuilaani shahada. Mara nyingi kinachokosewa ni dhana iliyofungwa pamoja nayo, kwamba kuna ofisi moja mahali fulani iliyoandaliwa kuipokea.

Tuichukue ile shahada ya ualimu. Ukiivua neno TSC, inabaki na nini? Mtu anayeweza kupanga somo, kusimama mbele ya watu, kupima kama wameelewa na kuandika taarifa. Mafundi wa sola wanaouza vifaa kuanzia Lokichar hadi Kakuma wanahitaji wateja waelezwe matumizi. Vikundi vya kuweka akiba vya akina mama vinahitaji mtu wa kuwafundisha hesabu za daftari. Wauza samaki wakavu wa ziwani, ambao mzigo wao hufika Kitale, Busia na hata Kongo, wanahitaji mtu anayejua kuandika mkataba na kufuatilia bei kwa simu. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyotangazwa gazetini, na ndiyo maana mhitimu anayesubiri tangazo hazioni. Hali ni tofauti kwa yule ambaye kazi yenyewe inamchukiza, kwa mfano muuguzi asiyevumilia wodi. Huyo shahada yake haimfai kweli, na akiiacha hana la kujieleza kwa mtu. Naamini, hata hivyo, kwamba watu wa aina hiyo ni wachache kuliko wanaodhani ndivyo walivyo.

Njia ninayoitetea, basi, ni kuongeza kabla ya kutupa. Wazee wa Turkana hufuga ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda kwa pamoja, na hawafanyi hivyo kwa kukosa uamuzi. Ukame unaomaliza ng'ombe humwacha ngamia. Mwenye shahada anaweza kuongeza ujuzi wa mkono bila kurudi chuoni miaka minne. Don Bosco pale Kakuma imekuwa ikifundisha uchomeleaji, useremala, umeme na uashi tangu miaka ya 1990, kwa wakimbizi na wenyeji. Mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, inampa fundi karatasi inayosomeka popote Kenya. Huko Loropio, kando ya ziwa, Learning Lions inawafundisha vijana usanifu wa picha na uandishi wa programu katika majengo yaliyobuniwa na Francis Kéré, na kazi zao zinaweza kununuliwa na mtu aliye mbali kabisa na Turkana. Sisemi kila mhitimu awe fundi bomba. Nasema mhandisi wa maji anayejua kukarabati pampu ya sola kwa mikono yake atalipwa na kamati ya kisima hata mradi ukiisha, na yule anayejua tu kuandika pendekezo la mradi hatalipwa.

Kuna pingamizi nne, na ya kwanza ndiyo nzito. Soko la Kakuma lenyewe, atasema mtu, limesimama juu ya misaada. Huyo mnunuzi wa kawaida unayemsifu ananunua kwa pesa za WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 na soko la takriban dola milioni 56 kwa mwaka, lakini Bamba Chakula, pesa za chakula zilizotumwa kwa simu kuanzia 2015, ilikuwa ndani ya mzunguko huo. Mgao ulipokatwa, wenye maduka waliokopesha walibaki na madeni. Hata hivyo fundi wa pikipiki mwenye wateja mia anaumia polepole, ana muda wa kuhama au kubadili bidhaa. Karani wa mradi anaumia kwa barua moja.

Ya pili ni ya mkimbizi: mnatuambia tuchague njia, na sisi hata kutoka kambini tunahitaji kibali. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya ujira, lakini vibali vya kazi na vya kusafiri bado ni mlima. Kwake yeye swali langu linakuwa kali zaidi: achague ujuzi unaouzika ndani ya mipaka aliyowekewa, na asiruhusu cheti chake cha Sudan au Kongo kikae bila kupelekwa KNQA kutambuliwa. Ya tatu ni ya familia. Mbuzi waliuzwa ili mwana alipiwe karo, na mwana anayeiacha taaluma anaonekana amewapoteza bure. Jibu ni kwamba mbuzi wale walinunua elimu, hawakununua dawati, na mzazi huridhika haraka zaidi akiona pesa inatumwa nyumbani kuliko akiona kofia ya mahafali ukutani. Ya nne huniuliza kama nawakataza watu kazi za mashirika. La. Mwenye kuipata aichukue, ale vizuri, alipe mkopo wake wa masomo wa HELB, ila auhesabu mkataba wake kama mtaji wenye tarehe ya mwisho.

Ombi langu linaelekea kwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana na idara ya elimu ya kaunti. Kabla ya kufungua kozi nyingine, wafuatilieni wahitimu wa miaka mitano iliyopita na mwandike, bila kutaja majina, kila mmoja analipwa na nani: serikali, shirika au wateja. Kisha orodha hiyo ibandikwe katika kila sekondari ya Turkana na ya kambini, kabla ya wanafunzi kujaza fomu za KUCCPS za kuomba nafasi vyuoni.